Shule ya Viwiko

Sogeeni karibu kidogo, maana mama ninayetaka kuwasimulia habari zake hana sauti kubwa, na yaliyompata hayakuwa na kishindo. Hakufa mtu, haikuungua nyumba. Ni mzazi tu aliyekwenda kutafuta shule, akaitafuta kwa akili zake zote, na akaipata.

Alikuwa fundi cherehani. Miaka kumi na minne alikaa kwenye kibaraza kimoja, kati ya duka la nyaya za umeme na kinyozi, akishona na kurudishia sare za wanafunzi. Watu walimwita Mama Pindo. Ukimpelekea sketi ndefu aifupishe, hakukata kitambaa hata kidogo, alikunja pindo nene kwa ndani, akakwambia, "Mtoto atakua. Akikua, akute nguo inamsubiri."

Mtu akikaa na nguo za watoto miaka yote hiyo, anajifunza kuzisoma. Siku moja mama mmoja alileta shati la mwanawe lirudishiwe vifungo viwili vya juu. Mama Pindo akaligeuza, akatazama nyuzi zilivyokatika, akasema, "Dada, vifungo hivi havikudondoka. Mtoto anakabwa huyu. Na anayemkaba ni mrefu kumzidi, maana kavuta kwenda juu." Mtoto alipobanwa akakiri. Tangu hapo kinyozi akawa anamtania kila asubuhi: "Daktari wa nguo, hebu nipime na mimi."

"Kola yako inasema hujaoga tangu juzi. Kaa mbali na wagonjwa wangu."

Alipenda kusema: mtoto atakuficha, mwalimu atakuficha, na karatasi ya matokeo ndiyo usiseme; lakini nguo haijui kuficha.

Alikuwa na binti mmoja wa miaka kumi, jina la utani Chiriku, na hakupewa jina hilo bure. Tangu anapofumbua macho ni maneno: kwa nini kuku hana meno, kwa nini kinyozi ananyoa wengine na yeye ana kichaka kichwani. Ila chiriku huyu alikuwa na sikio moja. Alipokuwa na miaka minne sikio la kushoto lilitunga usaha, likatibiwa, likapona kwa nje, na ndani likazimika moja kwa moja. La kulia lilikuwa zima. Ukikaa upande wake wa kulia mtapiga soga mpaka wewe uombe msamaha. Ukikaa kushoto, umekaa na gogo.

Shuleni ilichukua miaka mitatu watu kuelewa. Aliitwa mkaidi, akaitwa mzito, mpaka akaangukia kwa mwalimu mmoja wa kike, mfupi, mkali kwa kila kiumbe, ambaye wiki ya kwanza tu aligundua kuwa mtoto huyu akiitwa kutoka kushoto hageuki. Mwalimu yule hakumwomba mtu ruhusa. Alichukua brashi na rangi nyeupe, akapiga alama nne sakafuni, mstari wa mbele, upande wa kushoto kabisa, chini ya dirisha, akasema, "Miguu ya dawati la Chiriku inakaa hapa. Atakayelisogeza atanieleza." Mtoto akikaa pale, sikio lililokufa lilitazama dirisha, na lile zima likalitazama darasa. Baada ya mihula miwili alikuwa anasoma kila kibao cha barabarani kwa sauti, mpaka baba yake akasema afadhali zamani.

Alama nne za rangi. Hizo ndizo Mama Pindo alizoogopa kuzipoteza, barua ya uhamisho ilipokuja.

Barua ilikuwa ya mumewe, fundi wa pampu katika idara ya maji, mtu wa maneno machache na viganja vipana. Ilimtaka baada ya wiki sita awe ameripoti wilaya nyingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya idara, na fundi mwingine alikuwa ameshaandikiwa kuingia. Zamani aliwahi kufanya kazi mbali miaka miwili peke yake, na aliporudi Chiriku alimwita "yule mgeni". Wakakubaliana safari hii wanahama wote.

"Huko shule zipo?" Mama Pindo akamuuliza.

"Shule hazikosi."

"Sijauliza kama zipo. Nimeuliza zikoje."

"Mama Chiriku, mimi nimepewa barua ya pampu. Ya shule sijapewa."

Basi Mama Pindo akatangulia peke yake, siku tatu, kwenda kuzipima shule za serikali za wilaya ile kabla hata hawajafunga kikapu. Ofisi ya elimu walimpa karatasi ya matokeo, wakamwambia zote ni nzuri. Akaikunja, akaitia mkobani. Hakutoka kwao kwenda kusoma karatasi. Akauliza sokoni: fundi wa sare hapa ni nani?

Alikuwa mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi, na cherehani mbili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Kushona au kurudishia?"

"Kutazama."

"Kutazama nini?"

"Viraka vyako."

Mzee akashusha miwani. "Miaka arobaini watu wananiletea viraka. Leo ndio kwanza mtu anakuja kuvitembelea."

Alipoelezwa, aliacha utani. Akamvutia kigoda, akamsukumia rundo la nguo mbovu, na Mama Pindo kwa adabu ya kazi akakaa kwenye cherehani ya pili, akammalizia mzee sketi sita huku wanaongea.

Shule zilizokuwa karibu na mitambo ya maji zilikuwa tatu, na kila moja ilikuwa na rangi yake. Za kijani zilitoka shule yenye geti la chuma na maua mlangoni. Mama Pindo akazigeuza. Makalioni zilikuwa zimeng'aa kama sufuria, na viwikoni kitambaa kipya kabisa.

"Hawa wanakaa tu, mzee. Hawaandiki."

"Wanamsubiri mwalimu," mzee akasema. "Geti zuri lile. Walimu wanalipenda sana kutokea."

Za kahawia zilikuwa sketi nyingi, na zote pindo la mbele lilikuwa limekatika mahali pamoja, na vumbi jekundu limeingia kwenye nyuzi hata sabuni imeshindwa. Mama Pindo akapima kwa kidole. "Hawa wanapigishwa magoti." Mzee akajifanya anatafuta mkasi uliokuwa mkononi mwake.

Kisha zikaja za buluu. Sweta. Makalio mazima, mapindo mazima, lakini viwiko! Sweta baada ya sweta, viwiko vyote viwili vimetoboka, na pembeni madoa ya wino. Mama Pindo akaziweka mapajani, akahisi moyo unatulia kwa mara ya kwanza tangu barua ije.

"Hawa wana madawati," akasema. "Na wanaandika."

"Hiyo ndiyo shule, binti yangu. Viwiko vyao vimenisomeshea wajukuu."

Msidhani aliishia kwa mzee. Kesho yake alikwenda Shule ya Viwiko mwenyewe. Hilo ndilo jina alilokwisha kuipa. Akahesabu madirisha. Akafungua milango ya vyoo, na kweli ilikuwa inafunga. Akanywa maji ya bombani. Akauliza walimu wangapi, vitabu vinagawanwaje. Halafu akasimama barazani, nje ya darasa ambalo Chiriku angeingia. Watoto tisini na sita, safu nane, kumi na wawili kila safu, kuta nyeupe za chokaa. Mwalimu alikuwepo, anafundisha, tena kwa jasho. Watoto wa mbele walikaa wima wametulia; wa nyuma walikuwa wamelalia madawati, shingo zimevutwa mbele kama bata. Mama Pindo akatabasamu: watoto wana hamu hawa!

Kwa mwalimu mkuu alipokelewa kwa heshima. Akatoa barua ya yule mwalimu mfupi: mtoto akae mstari wa mbele, kushoto, sikio la kulia lielekee darasa. Mwalimu mkuu akaisoma yote, akavua miwani.

"Tumeelewa, mama. Barua itaingia kwenye faili lake."

Mama Pindo akasikia ile "tumeelewa", akashukuru mpaka akaona haya. Siku hiyohiyo akapanga nyumba mkabala na shule, karatasi za uhamisho zikagongwa muhuri, na karani akamkumbusha kwamba mwanafunzi huhamishwa mara moja tu kwa mwaka. Akasema hamna shida. Kuna swali moja ambalo hakuliuliza, wala halikumpitia akilini: hapa kiti cha mtoto anapanga nani? Kwake yeye kiti kilikuwa ni mwalimu mmoja na brashi ya rangi.

Wakahama. Siku ya kwanza Chiriku aliingia na sweta mpya ya buluu yenye pindo nene mikononi. Akarudi mchana ametulia.

"Umekaa wapi, mwanangu?"

"Nyuma. Nimewekewa stuli, mwisho kabisa, kwa ukutani."

"Ukuta uko mkono gani?"

Mtoto akainua mkono aliokuwa anaandikia. Wa kulia.

Mama Pindo hakula. Alikwenda shuleni saa hiyohiyo, akamkuta mwalimu wa darasa, kaka mwembamba ambaye sauti ilikuwa imemwisha kwa kusemesha watoto tisini na saba.

"Mwalimu, kuna barua yangu."

"Nimeiona, mama. Imo kwenye faili."

"Sasa kwa nini mtoto yuko ukutani?"

"Kwa sababu ni mgeni, hana alama." Alivyosema, alisema bila ubaya wowote. "Hapa kila mtoto anakaa kwenye namba yake. Wa kwanza kwenye mtihani anakaa mbele, pembe ya kushoto, wa pili anamfuata, hivyo hivyo safu kwa safu mpaka wa mwisho. Kila mwisho wa muhula tunapanga upya. Ndiyo maana shule yetu inafaulisha. Watoto wanapigania viti."

"Lakini huyu hasikii akiwa kule. Asiposikia atapataje alama?"

Mwalimu akajifuta uso. "Mama, mimi ningempandisha leo. Lakini nikimpandisha mmoja kwa barua, kesho nina barua arobaini mezani. Wapo wasioona ubao. Yuko mmoja wa kifua. Nimtoe nani?"

Hapo ndipo Mama Pindo alipokumbuka zile shingo za bata. Hawakuwa na hamu, masikini. Walikuwa hawasikii.

Jioni akamweleza mumewe. Yule bwana alikuwa ananawa grisi. Akanawa muda mrefu kuliko grisi yenyewe.

"Pampu ikigoma naifungua," akasema mwishowe. "Hii, mke wangu, sijui hata nati yake iko wapi."

"Twende kwa mkuu wote wawili."

Wakaenda. Mwalimu mkuu akawapa viti, akawasikiliza, akasema utaratibu wa viti ulipitishwa na wazazi wenyewe kwenye kikao, na kikao tu ndicho kinaweza kuugusa. Wakangoja kikao. Siku ilipofika Mama Pindo alisimama, yeye ambaye hajawahi kusimama mbele ya watu zaidi ya wateja watatu, akaeleza habari ya sikio. Watu walimsikitikia, wengine waliguna kwa huruma kabisa. Kisha akasimama mama mmoja aliyevaa vizuri, mtoto wake ndiye wa tatu.

"Dada, pole sana. Lakini binti yangu anaamka alfajiri kukipigania kile kiti. Nimwambie nini? Kwamba kimekwenda kwa barua? Wako na yeye akipiganie chake."

"Atakipigania na nini, mama? Silaha yenyewe ndiyo sikio."

Watu wakacheka kidogo. Ikapigwa kura ya mikono. Mikono ya kubadili ilikuwa kumi na mmoja, na miwili kati ya hiyo ni ya Mama Pindo na mumewe.

Alirudi kwa mzee wa sokoni, si kwa ugomvi, kwa uchovu tu. "Mzee, hukuniambia habari ya viti."

"Hukuniuliza, binti yangu. Mimi viwiko vinanifikia hapa. Viti vinabaki huko." Akamsogezea kigoda kilekile. Mama Pindo akakaa, akashona kutwa nzima. Na kwa kuwa mzee macho yalikuwa yamepungua, ile cherehani ya pili ikawa yake tangu siku hiyo.

Sasa mtoto. Ili apate maneno ya mwalimu ilimbidi ageuke mzima mzima kuelekea kushoto, sikio zima lielekee ubaoni. Na mtoto aliyegeuka hivyo anawatazama wenzake, haoni kinachoandikwa. Ripoti ya katikati ya muhula ikaandikwa: "Hatulii. Hatazami ubao." Basi nyumbani wakajaribu yale wanayoyaweza. Mama akawa anaazima daftari za binti wa jirani, wanakaa mezani, mama upande wa kulia, wanasoma upya somo la kutwa kuanzia mchana mpaka jua linazama. Baba naye akirudi anakalia upande uleule, wamebanana kama watu wa kwenye picha, anamuuliza jedwali la kuzidisha ambalo yeye mwenyewe analisahau kwenye saba. Chiriku anamsahihisha. Hizo zilikuwa saa zao nzuri.

Mtihani wa muhula ukafika. Siku ya matokeo Chiriku alivuka barabara mbio, mama yake akamwona akiwa mbali, na yale maneno yamerudi yote.

"Mama! Nimepanda! Nilikuwa wa tisini na saba, sasa wa themanini na nne! Nimepita watu kumi na watatu, mama, na mwalimu kanipigia makofi, na darasa lote likapiga, niliona mikono!"

Mama Pindo akamnyanyua, mkubwa alivyo, akamzungusha. Akampikia anachopenda. Mtoto alipokwenda kumwonyesha jirani karatasi, mama akakaa kitini na kipande cha chaki ya kushonea, akachora darasa juu ya meza: safu nane, kumi na wawili kila safu. Akahesabu kwa kidole kutoka kushoto. Sabini na mbili, mwisho wa safu ya sita. Themanini na nne, mwisho wa safu ya saba. Akahesabu tena. Mwanawe alikuwa amesogea mbele hatua moja, na yuko ukutani palepale, mkono wa kulia.

Halafu akaona na jingine, akatamani asingeliona. Wa themanini na tano, aliyeshindwa na Chiriku kwa alama moja, alikuwa anaanza safu ya nyuma, kushoto kabisa, chini ya dirisha. Lau mtoto angekosea jibu moja, sikio lake zima lingelitazama darasa.

Akaifuta ile chaki kwa kiganja. Baba Chiriku aliporudi akaambiwa tu kwamba binti amepita watu kumi na watatu, akafurahi sana, na mkewe akamwacha afurahi.

Muhula mpya ukaanza. Kila mchana Mama Pindo alikuwa akipokea sweta, akiitundika, na kabla ya kuitundika anatazama mkono wa kulia. Chokaa. Utepe mweupe kuanzia begani hadi kiwikoni, wa mtu anayeegemea ukuta ili sikio lisogee karibu na sauti yoyote inayogonga pale. Alikuwa akienda nyuma ya nyumba, anaikung'uta polepole ili mtoto asijue kwamba mama amesoma. Kisha anarudi, anauliza:

"Leo umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama."

"Yote?"

"Karibu yote."

Wiki ya tatu sweta ikaja safi. Mama Pindo akashtuka. Akaigeuza upande huu na upande huu: bega safi, mkono safi, kiwiko safi. Akafikiri labda yule mwalimu mwembamba amepata ujasiri, labda mtu ameugua wakabadilishana. Akaipeleka mlangoni penye mwanga. Akageuza mkono wa sweta nje ndani, kama anavyofanya kwa nguo za watu, akapitisha ukucha kwenye mshono wa bega.

Chokaa ilikuwa mle, imejipanga kati ya nyuzi, mahali ambapo kiganja cha mtoto kikikung'uta hakifiki.

Chiriku alikuwa mezani, amekwisha kufungua daftari ya jirani, kiti cha kulia kwake amekivuta tayari. "Mama, njoo basi. Leo nimesikia vizuri kabisa, hata hatuchelewi."

"Ehe," mama akasema. "Naona."

Akaurudisha mkono wa sweta kama ulivyokuwa, akaitundika kwenye msumari, akaenda kukaa kulia.